Jina la Aliyemo Pichani: Mhadhara kwa Wakutubi wa Sinema na Video wa Jinja na Mbale



Nawashukuru kwa kuwa mmekubali kutenga wasaa mzima kwa jambo ambalo katika mikutano mingi ya wakutubi hupewa saa ya mwisho ya siku ya mwisho, wakati wajumbe wamekwisha kufunga mikoba na fikira zao ziko njiani. Nalo ni jambo la kuhifadhi, kuorodhesha na kuonyesha picha zinazokwenda, zikiwa katika ukanda wa sinema, katika kaseti ya video, katika sahani ya DVD, au katika mafaili ya kompyuta ambayo vijana wetu huyabeba mifukoni pasipo kujua kwamba wamebeba historia ya miji yao.

Watu wa kazi hii walianza kutafutana zamani. Mwaka 1938 taasisi nne za Ufaransa, Uingereza, Ujerumani na Marekani ziliunda mjini Paris shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu, lijulikanalo hadi leo kwa herufi FIAF. Mwaka 1969 wahifadhi wa sauti nao wakaunda chama chao, IASA, mjini Amsterdam. Na tarehe 27 Oktoba 1980 mkutano mkuu wa UNESCO, uliokutana Belgrade, ukapitisha pendekezo kwamba picha zinazokwenda ni sehemu ya urithi wa mataifa na kwamba kila taifa lina wajibu wa kuzilinda, hata tarehe hiyo ikafanywa siku ya kuuadhimisha urithi wa picha na sauti duniani kote. Huku kwetu, wakutubi wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini wamekuwa wakikutana tangu mwaka 1974, walipoanzia Dar es Salaam, katika mkutano uitwao SCECSAL, ambao mwaka 2018 ulifanyika papa hapa Uganda, mjini Entebbe.

Kwa hiyo desturi ya kukutana tunayo, na sina haja ya kuitetea. Swali ninalotaka kulijibu ni jingine: wakutubi wanaotunza sinema na video, wakisha kukutana, hususa katika miji kama hii yetu miwili, wakae kwa kazi gani? Jibu langu, ambalo nitalitolea dalili zake moja baada ya moja, ni kwamba kikao kilicho cha lazima kuliko vyote ni kile cha kukaa na watu waliomo katika picha, au watoto wao, au majirani zao, na kuwauliza majina. Kwa maana katika mambo mengine yote ya kazi yetu walimwengu wanaweza kutusaidia, lakini katika hili hakuna awezaye kutusaidia ila sisi wenyewe.

Picha inayokwenda hufikwa na mauti matatu, na ni vema tuyatenganishe, kwa sababu kila moja lina dawa yake na lina tabibu wake.

Mauti ya kwanza ni ya mwili. Ukanda wa asetati, ambao ndio uliobeba sehemu kubwa ya sinema zilizozungushwa vijijini, ukikaa katika joto na unyevu huanza kuoza wenyewe, ukatoa asidi yenye harufu ya siki, na asidi hiyo ikauzidishia kuoza na kuwadhuru jirani zake waliomo katika kabati moja, hata ukanda ukasinyaa, ukajikunja, usiweze tena kupita katika mtambo. Kaseti ya video nayo huota ukungu mweupe, na gundi inayoishika sumaku yake hulainika kwa unyevu. Na mtu asiyejua akiitia kaseti yenye ukungu katika deki, huuchafua mtambo na kuzipaka ugonjwa kaseti nyingine zote zitakazofuata. Ushahidi wa mauti haya tunao katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mahali paitwapo Vugiri, katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la sinema za mafunzo kwa Waafrika, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Wakapiga sinema takriban 35, na gari lao likapita Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likiwakusanya watu usiku uwanjani. Sauti waliiweka mbali, katika sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kusemeshwa kwa lugha hii mahali hapa na kwa lugha nyingine mahali pengine. Katika sinema zote hizo, zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu, nazo zimo katika hifadhi ya Uingereza.

Mauti ya pili ni ya mtambo. Kitabu humtaka msomaji awe na macho na mwanga, basi; lakini kaseti pasipo deki ni bubu, hata ikiwa imehifadhiwa vizuri namna gani. Mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kuunda deki za VHS, iliacha kuziunda. Mwaka uliotangulia, hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilikuwa imekwisha kuutaja mwaka 2025 kuwa ndio mpaka ambao, ukipita, kanda nyingi za sumaku zitakuwa hazisomeki tena kwa kukosa mitambo, vipuri na mafundi. Na UNESCO pamoja na IASA zikalirudia onyo hilo kwa ulimwengu wote mwaka 2019 na 2020. Mpaka huo sasa tumeufikia.

Mauti haya mawili yanatisha, walakini dawa zake ni elimu iliyokwisha kuandikwa. Namna ya kuzisimamisha kaseti wima, ya kunusa makopo ya sinema kila mara, ya kuutenga ukanda mgonjwa na walio wazima, ya kuhamisha picha katika faili la kompyuta na kuweka nakala zaidi ya moja, yote hayo yamo katika miongozo, na mtaalamu wa nchi yoyote anaweza kuja kutufundisha. Mauti ya tatu ndiyo yasiyo na mwongozo wala mtaalamu wa kuagizwa, nayo ni mauti ya maarifa: kufa kwa wale wanaojua kwamba uso huu ni wa nani, uwanja huu ni wa wapi, ngoma hii ni ya jambo gani, na mwaka huu ni mwaka upi. Ukanda unaweza kuwa mzima na mtambo ukafanya kazi, kisha picha ikapita mbele yetu ikiwa imejaa watu tusioweza hata kuwaamkia.

Tazameni Jinja. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa la Owen Falls, ambalo sasa twaliita Nalubaale, na wapiga sinema za habari wa Uingereza waliichukua shughuli hiyo. Mwenye kutafuta katika orodha za sinema za namna hii humkuta Malkia kwa jina na cheo, humkuta na Gavana Sir Andrew Cohen. Lakini kibarua aliyechonga mwamba, mwanamke aliyesimama kandokando ya njia na mtoto mgongoni, na mpiga ngoma aliyeitwa kuja kupamba sherehe, hao aghalabu huandikwa kwa neno moja tu la jumla, na wote huwekwa humo. Maji ya bwawa hilo hilo ndiyo yaliyoyafunika maporomoko ya Ripon, ambayo msafiri Speke aliyafikia mwaka 1862 na ambako Wasoga walikuwa wakivua samaki karne nyingi kabla ya Speke kuzaliwa. Mtu anayetaka leo kuyaona yakitiririka hana budi kuyatafuta katika picha za kabla ya 1954. Na mtu anayetaka kujua kila jiwe liliitwaje, na ukoo gani ulikuwa na haki ya kuvua mahali gani, hana budi kumtafuta mzee ambaye aliambiwa na baba yake. Picha moja pasipo mzee huyo ni maji tu yanayoanguka.

Tazameni na Mbale. Kila mwaka unaogawika kwa mbili, Wamasaba, ambao wengi huwaita Wagisu, huwatahiri vijana wao kwa ada ya imbalu, inayofunguliwa kwa hadhara kubwa katika uwanja wa Mutoto. Na kwa kuwa ni ada inayovuta macho, wapiga picha wa kila namna wameifuata. Ipo filamu ya Richard Hawkins na Suzette Heald, iliyotolewa mwaka 1988, nayo ina thamani kubwa kwa kuwa Bibi Heald alikuwa amekaa na watu wa milima hii katika miaka ya 1960 na kujifunza mambo yao kwa subira. Zipo kaseti zilizopigwa na wapiga video wa harusi na sherehe, waliokodiwa na jamaa za vijana wenyewe. Na sasa zipo picha za simu zisizohesabika. Basi sikilizeni jambo ambalo naliona kuwa ni zawadi kwa mkutubi: Wamasaba wana desturi ya kuupa mwaka wa imbalu jina lake, kutokana na tukio lililokumba watu wakati ule, na waliotahiriwa pamoja hujulikana kwa jina hilo maisha yao yote. Mkutubi aliyeshika kaseti isiyo na tarehe anaweza kuhangaika mwezi mzima akitazama mitindo ya nguo na namba za magari. Mzee wa Bugisu akimwona kijana mmoja tu anayemjua, atalitaja jina la mwaka, na mwaka utakuwa umepatikana. Hiyo ni elimu ya kuorodhesha iliyokuwako kabla ya maktaba zetu, na hakuna chuo kiifundishacho.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumeona kwa macho yetu kinyume chake, yaani mali iliyookolewa na daftari. Katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda zilipatikana hasi za picha, takriban 70,000, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi katika zama za Idi Amin, na nyingi hazikuwa zimepata kusafishwa na kuonwa na watu. Shirika hilo na wanachuo wa Michigan na wa Australia ya Magharibi wakazihamisha katika kompyuta, na mwaka 2019 sehemu yake ikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Kilichozifanya picha hizo ziwe ushahidi ni kwamba kila hasi ilikuwa imetiwa katika bahasha, na juu ya bahasha karani alikuwa ameandika siku na jambo. Karani huyo hakupewa nishani, wala simjui jina. Lakini bila ya mkono wake, watu wa leo wangekuwa na sura elfu sabini za kubahatisha.

Kadhalika Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho hilo tangu mwaka 1948, alirekodi muziki wa sehemu nyingi za Uganda, na rekodi zake zikaishia katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Ni kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza na wenzake kwamba nakala zake zilirudi Makerere, katika hifadhi iliyopewa jina la Wachsmann. Nakala ikirudi kwa wenyewe, maelezo nayo huongezeka, kwa kuwa sasa yuko wa kusema: hapa alikosea jina la kijiji, na huyu anayeimba alikuwa nyanya yangu.

Nikisema majina, sisemi ya waliopigwa picha peke yao. Katika miji yetu yote miwili, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Uganda, kizazi kizima kilijifunza kutazama sinema katika vibanda vya video, wamekaa juu ya mabenchi, huku msemaji aitwaye VJ akiifasiri sinema ya Marekani, ya China au ya India kwa Kiganda papo hapo, akiitilia mawaidha, mzaha na mambo ya mitaani. Mkutubi akiipokea kaseti ya namna hiyo na kuiandika kwa jina la sinema ya ugenini tu, atakuwa ameorodhesha kitu kilichomo katika maktaba za dunia nzima na kukiacha kile ambacho hakimo popote ila humo, yaani sauti ya msemaji wetu. Lile jaribio la Vugiri liliitenga sauti na picha, na sahani ikipotea picha hubaki bubu. VJ naye alisema kibandani, na kama hakurekodiwa, maneno yake yalikwenda na watazamaji. Na hata kazi ya jana iko hatarini: sinema ya Who Killed Captain Alex?, aliyoitengeneza Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala, na kuitoa mwaka 2010, imetazamwa ulimwenguni kote. Ilhali nakala yake ya asili haiko tena, kwa sababu kompyuta haikuwa na nafasi na kazi ya zamani ikafutwa ili kazi mpya ipate mahali. Kinachotazamwa leo kimetokana na nakala hafifu iliyosalia, pamoja na sauti ya VJ Emmie. Mtu aliyefuta alikuwa mtengenezaji mwenyewe, mwenye mapenzi na kazi yake, aliyekosa jirani wa kumwekea amana. Jirani huyo ilipasa awe maktaba.

Sasa nije kwenye vikao vyenyewe, nami nitapendekeza vinne, ili mkutano wa wakutubi wa sinema na video usiwe kusomeana makala na kupigiana makofi.

Kikao cha kwanza kiwe cha meza na mikono. Kila mjumbe aje na kaseti au kopo lake, vifunguliwe mbele ya wote, vinuswe, vitazamwe, viandikwe hali yake, na iamuliwe kipi kihamishwe kwanza. Mtu hajifunzi harufu ya siki kwa kusomewa.

Kikao cha pili kiwe cha mafundi. Katika mitaa ya Jinja na ya Mbale wapo mafundi wa redio na televisheni waliotengeneza deki tangu zilipoingia nchini, wanaojua kusafisha kichwa cha mtambo kwa spiriti na kutoa mkanda wa mpira katika deki moja iliyokufa ili kuifufua nyingine. Watu hawa huitwa maktabani kuja kutengeneza taa. Napendekeza waitwe mkutanoni waje kufundisha, wapewe kiti cha mbele na posho ya mhadhiri, na kila mmoja aombwe kumchukua kijana mmoja wa maktaba awe mwanafunzi wake. Kwani siku mzee wa kazi hiyo atakapofunga kibanda chake, deki zote zilizosalia zitakuwa vyuma.

Kikao cha tatu ndicho nilichokitaja tangu mwanzo, na ndicho kipewe siku nzima. Picha zionyeshwe kwa wazee, polepole, zisimamishwe kila wanapotaka. Mkutubi mmoja aandike jina, mahali na mwaka, na mwingine airekodi sauti ya mzee, kwa lugha yake mwenyewe, iwe Lusoga, Lumasaba, Ateso au Kiswahili. Wazee wakihitilafiana, yaandikwe maneno ya pande zote mbili pamoja na majina ya wasemaji, wala mkutubi asijifanye kadhi wa kuhukumu. Wanawake wasiachwe nyuma kwa kisingizio kwamba shughuli ilikuwa ya wanaume. Aliyepika, aliyeimba, aliyemfunga mwanawe njuga, aliona mambo ambayo mpiga picha aliyapa mgongo.

Kikao cha nne kiwe cha sheria na adabu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 juu ya haki za watunzi huilinda kazi ya picha na sauti kwa miaka 50, na mkutubi lazima aijue ili asiogope pasipo sababu na asithubutu pasipo ruhusa. Lakini iko adabu isiyoandikwa katika sheria. Kijana aliyesimama mbele ya kisu cha imbalu alisimama mbele ya jamaa na majirani zake. Hakukubali kuonwa utupu wake na kila mpita njia wa intaneti hadi kiyama. Mkutubi wa sinema ni kama msimamizi wa mali ya yatima: ameishika, lakini si yake, aweza kuikuza, lakini hana ruhusa ya kuifuja, na hana budi kutoa hesabu siku mwenyewe atakapokuja kuidai. Basi wenyewe waulizwe kipi kionyeshwe kwa watu wote, kipi kwa jamaa peke yao, na kipi kikae kimefungwa, na majibu yao yaandikwe katika daftari lile lile lenye majina.

Vikao hivi vina faida kubwa zaidi vikifanywa na miji miwili kwa pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha hapa Mbale, mito ya Nabuyonga na Namatala ikapanda, watu wakapoteza maisha, na majumba na mali zikachukuliwa na maji. Msiba ule ulipigwa picha kwa simu na mamia ya watu, na picha hizo ni ushahidi wa thamani. Lakini ni maktaba gani iliyokwenda kuziomba kabla ya simu kuibwa, kuvunjika au kufutwa? Na lau mafuriko yale yangeliingia katika chumba chenye nakala pekee ya kanda zetu, tungelikuwa na nini? Kwa hiyo nasema kwamba Jinja iweke nakala za Mbale, na Mbale iweke nakala za Jinja, kwa mkataba ulioandikwa, kwani mji wa mtoni na mji wa chini ya mlima si rahisi kufikwa na balaa moja kwa siku moja. Jambo hili halihitaji msaada wa nje. Lahitaji diski mbili, basi la kwenda na kurudi kwa njia ya Tirinyi, na wakutubi wawili wanaoaminiana.

Najua yatakayosemwa: kwamba maktaba zetu hazina fedha hata za vitabu, na kwamba mwenye njaa haulizwi habari za marijani. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa ni kweli kwamba fedha ni chache. Walakini katika vikao vinne nilivyovitaja, kile kilicho kikubwa kuliko vyote hugharimu viti, chai, daftari na muda. Na muda ndio kitu kinachotutoroka, kwa sababu mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku bwawa lilipofunguliwa, mwaka 2024 alitimiza miaka 90. Mtambo huenda tukaupata kwa bei ghali mwakani. Yeye huenda tusimpate kwa bei yoyote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kikao hiki kisitawanyike pasipo kukubaliana mambo matatu. La kwanza, kila maktaba iliyowakilishwa hapa ifungue daftari la majina, lenye safu ya picha, ya mtu, ya mahali, ya mwaka, ya msemaji na ya masharti. La pili, kila mkutubi ataje leo, kabla ya kuondoka, mzee mmoja atakayemwendea na fundi mmoja atakayemwalika. La tatu, mkutano ujao ufanyike Jinja, na ufunguliwe kwa kusomwa majina yaliyopatikana kati ya leo na siku hiyo, yote, hata yakichukua asubuhi nzima. Na mkutubi ambaye daftari lake ni tupu aeleze mbele ya wenzake ni kitu gani kilichomzuia, ili tumsaidie kukiondoa.

Na sasa nawakaribisha wazee waseme.